Jinsi ya kujua kama unajikadiria akili sawasawa

Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Patrick Heck, Daniel Simons na Christopher Chabris, walichapisha majibu ya Wamarekani 2,821 walioulizwa kama wanajiona wana akili kuliko mtu wa kawaida. Asilimia 65 walikubali. Zamani kidogo, mwaka 1981, Ola Svenson aliwataka madereva wa Marekani na Uswidi wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Asilimia 93 ya Wamarekani na 69 ya Waswidi walijiweka katika nusu ya juu. Nusu ya juu ina nafasi 50 kwa kila watu 100, basi wapo waliokalia viti vya wenyewe.

Kama na wewe ni mmoja wao, hutajua kwa kukaa na kujitafakari. Mwaka 2012 Philipp Freund na Nadine Kasten walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha akili ambayo mtu anadhani anayo na alama alizopata kwenye mtihani. Uhusiano walioupata ulikuwa 0.33, katika kipimo ambacho 1 maana yake vitu viwili vinakwenda sambamba kabisa na 0 maana yake havihusiani. Kwa lugha ya mkokotoo, makadirio ya mtu yanaeleza takriban sehemu moja ya tisa ya tofauti za alama. Ndiyo maana njia ifuatayo inategemea namba zilizoandikwa kabla ya majibu kujulikana. Hisia ya kwamba "mimi naelewa haraka" haihesabiwi.

Vinavyohitajika

Daftari, maswali 200 yaliyogawanywa katika raundi nne za maswali 50, na mtu mmoja wa kukutungia na kukusahihishia. Kila raundi huchukua dakika 30 hadi 40, na ni vizuri raundi zipishane kwa siku chache. Andika kwa kalamu ya wino. Penseli inafutika, na ukiona umekosa swali ulilojiandikia uhakika wa 90, mkono utakuwasha urudi kuandika 60.

Chagua uwezo mmoja

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla haijaanza, kwa sababu wanataka kupima "akili" yote kwa mkupuo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mhasibu akiulizwa akili ni nini atataja hesabu, fundi umeme atataja kugundua hitilafu haraka, na mwanasheria ataanza na hoja. Kila mmoja akijipima kwa kipimo alichojichagulia atashinda, na hakuna aliyesema uongo. David Dunning na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba watu hujipendelea zaidi kwenye sifa zisizo na mipaka, na hujipendelea kidogo kwenye sifa zinazoeleweka wazi.

Andika basi kitu finyu: kujumlisha bei kichwani bila kikokotoo, kusoma mkataba wa kurasa mbili na kutaja masharti yake yote, jiografia ya Afrika Mashariki, kutafuta kosa kwenye programu ya kompyuta. Kipimo cha ufinyu ni rahisi. Watu wawili wakisahihisha karatasi yako kila mmoja kivyake, wanapaswa kutoa alama ileile. Zikitofautiana, punguza tena upana.

Matokeo ya uwezo mmoja hayahamii kwenye mwingine. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 katika kijiji cha Usenge, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba na magonjwa zinayotibu walielekea kupata alama za chini kwenye mitihani ya msamiati. Mwenye kusoma upande mmoja tu angewapanga watoto hao kinyumenyume.

Fanya mtihani kwa lugha unayoifikiria. Nchini Tanzania masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza baada ya msingi wa Kiswahili, na alama ya biolojia inaweza kuwa kwa sehemu kubwa ni alama ya Kiingereza. Kuna watu wazima wanaojiona wazito hadi leo kwa sababu hiyo, na wengine wanaojiona mabingwa kwa sababu hiyohiyo.

Raundi ya maswali

Maswali yawe ya kuchagua jibu moja kati ya mawili. Tuseme umechagua jiografia. Msaidizi wako aandike majina ya milima, maziwa na nchi kwenye vipande vya karatasi, kila aina kwenye bahasha yake, kisha achomoe viwiliviwili bila kuangalia. Rwanda na Burundi, ipi kubwa kwa eneo? Meru na Elgon, upi mrefu? Viktoria na Tanganyika, lipi lina kina kirefu?

Kuchomoa bila kuangalia si mbwembwe. Mtunga maswali akiachiwa achague mwenyewe, hupenda yale yenye mtego, ambayo jibu linalokuja haraka ndilo kosa. Gerd Gigerenzer na wenzake walionyesha mwaka 1991 kwamba maswali yakichaguliwa kwa bahati nasibu, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kujiamini kupita kiasi hutoweka. Maswali ya mtego yatakupa picha mbaya kuliko ulivyo.

Kabla ya kuanza, andika idadi unayotarajia kupata kati ya 50. Kisha kwa kila swali andika vitu viwili: jibu, na uhakika wako kwa asilimia, ukitumia 50, 60, 70, 80, 90 au 100 tu. Hamsini maana yake umebahatisha. Mia maana yake uko tayari kuweka rehani kitu cha thamani. Chini ya 50 hakupo, kwa sababu ukiwa na uhakika wa 40 kwa jibu moja, lile lingine lina 60, ulichague hilo. Ukimaliza, kabla ya kusahihishiwa, andika tena idadi unayodhani umepata.

Sasa panga maswali kwa kiwango cha uhakika na uhesabu. Mfano:

100: maswali 5, sahihi 4
90: maswali 14, sahihi 10
70: maswali 12, sahihi 8
60: maswali 11, sahihi 6
50: maswali 8, sahihi 4

Zidisha kila kiwango kwa maswali yake: 5 + 12.6 + 8.4 + 6.6 + 4 ni 36.6. Gawanya kwa 50, uhakika wako wa wastani ni asilimia 73. Sahihi halisi ni 32 kati ya 50, yaani asilimia 64. Umejizidishia pointi 9. Lakini tazama pengo limetokea wapi. Kwenye 50, 60 na 70 mtu huyu yuko vizuri. Anapoandika 90 anapata asilimia 71, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Anapokuwa na shaka anaijua shaka yake. Asichojua ni kiasi gani cha kumwondolea shaka kinatosha. Dawa yake ni kujilazimisha, kila anapotaka kuandika 90, ataje kimoyomoyo sababu moja inayoweza kufanya jibu lingine liwe sahihi. Asipoiona, aiache 90. Akiiona, ashuke.

Usitoe hukumu kwa raundi moja. Kwa maswali 50, bahati peke yake inaweza kuyumbisha asilimia zako kama pointi 7 juu au chini, kwa hiyo pengo la 9 bado ni tetesi. Kwa maswali 200 yumbo hilo hupungua hadi pointi 3 hivi, na pengo la 9 linakuwa habari kamili.

Nafasi yako kati ya wengine

Kujua utapata ngapi ni kazi moja. Kujua utakuwa wa ngapi ni kazi nyingine, kwa sababu hapo unakadiria watu wawili: wewe na mwenzako. Makosa ya namba hii mara nyingi hutoka kwa mwenzako usiyemfahamu.

Wape watu wengine watano au zaidi karatasi ileile, kisha andika makadirio ya nafasi yako kabla ya kuona kitu. Halafu soma karatasi tano za wengine zikiwa bado hazijasahihishwa, na ukadirie upya. Hatua hii imetoka moja kwa moja kwenye utafiti wa Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliochapishwa mwaka 1999. Waliokuwa juu walikuwa wamejishusha kwa kudhani wenzao nao wanajua. Walipoziona karatasi za wenzao walirekebisha. Waliokuwa chini waliziona karatasi hizohizo na hawakubadilika, kwani hawakuweza kutofautisha jibu zuri na baya. Basi ukisoma karatasi tano na zote zikaonekana zinafanana kwa ubora, wakati msaidizi anasema zimepishana sana, umepata dalili nzito kuliko alama yenyewe.

Utafiti huo unatajwa sana mitandaoni kama fimbo ya kumchapia mtu. Ni kweli waliokuwa robo ya chini, ambao wastani wao ulikuwa nafasi ya 12 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, walijiweka ya 62. Lakini aliye karibu na sakafu hawezi kukosea kwenda chini, na sehemu ya pengo hilo hutokana na hesabu tu: kipimo chenye yumbo humfanya aliye chini kabisa aonekane amejipandisha na aliye juu aonekane amejishusha. Katherine Burson, Richard Larrick na Joshua Klayman walionyesha mwaka 2006 kwamba kazi ikiwa ngumu kwa kila mtu, walio chini ndio wanaojikadiria nafasi vizuri zaidi. Habari njema ya mwaka 1999 haitajwi mara nyingi: waliokuwa chini walipopewa mafunzo mafupi ya mantiki, walianza kuona makosa yao wenyewe.

Angalia ugumu wa karatasi pia. Mtihani ukiwa mwepesi utatoka ukijiona bingwa, ukisahau kwamba umekuwa mwepesi kwa chumba kizima. Ukiwa mgumu utajipanga mkiani, na wenzako wote wanajipanga hukohuko. Kwa hiyo kwenye karatasi nyepesi shusha nafasi uliyoikadiria, kwenye ngumu ipandishe.

Halafu kuna suala la wastani. Wastani wa miguu ya binadamu ni pungufu kidogo ya miwili, kwa hiyo karibu sote tuna miguu mingi kuliko wastani, na hakuna wa kujisifia. Jilinganishe na mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya watu wako juu yake na nusu chini yake. Na useme katikati ya kundi gani. Wa kumi katika shule ya vipaji na wa kwanza katika shule ya kata wanaweza kuwa na alama zilezile, huku mmoja akijiona mjinga.

Jaribio la baiskeli

Kuna uelewa usiopimika kwa kuchagua jibu. Leonid Rozenblit na Frank Keil, mwaka 2002, waliwataka watu wajipe alama 1 hadi 7 kwa jinsi wanavyoelewa zipu, kufuli au choo cha kuvuta maji, kisha waeleze hatua kwa hatua, kisha wajipe alama upya. Alama zilishuka. Jaribu kwa baiskeli: jipe alama, chora fremu, pedeli na cheni bila kuangalia, kisha nenda kaitazame yenyewe. Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool alikuta mwaka 2006 watu wengi wakipitisha cheni kwenye magurudumu yote mawili. Baiskeli hiyo haikati kona, maana gurudumu la mbele limefungwa na la nyuma.

Fanya vivyo hivyo kwa kazi yako. Ukurasa mmoja, hatua kwa hatua, bila neno "basi tu inafanya kazi". Pale unapoandika "halafu mfumo unashughulikia", piga mstari. Hapo hujui.

Kuwauliza wanaokujua

Mwaka 2010 Simine Vazire alionyesha kwamba mtu hujijua vizuri kwenye mambo ya ndani kama wasiwasi, ila kwenye akili marafiki zake hukadiria vyema kuliko yeye. Shida ni adabu. Ukimwuliza mtu ana kwa ana atakusifu, na mdogo wako kazini hatathubutu kusema vingine. Toa vikaratasi visivyo na jina kwa watu watano walioiona kazi yako, swali likiwa moja: "Kati ya watu kumi unaowajua wanaofanya kazi hii, ningekuwa wa ngapi?" Panga majibu na uchukue la katikati, ili mwenye chuki na mwenye mapenzi wasikuharibie.

Achana na mitihani ya akili ya mtandaoni. Kipimo halisi cha akili, chenye wastani wa 100 ambapo watu 68 kati ya 100 huangukia kati ya 85 na 115, hufanywa na mwanasaikolojia kwa muda unaokaribia au kupita saa moja, na alama hulinganishwa na watu wa umri wako. Maswali 20 ya kubofya yanayomtawaza kila mtu 130 hayana kundi la kulinganisha.

Baada ya raundi nne, pumzika miezi mitatu na urudie kwa maswali mapya. Ya zamani usiyatumie: utayakumbuka majibu, uhakika utapanda pamoja na alama, na pengo litaonekana limeziba wakati liko palepale.