Kabla hujanunua wiki ya likizo ufukweni, omba kwanza bili ya mwaka jana

Kila Januari mimi ndiye ninayetuma bili. Natunza hesabu za nyumba za likizo pwani ya mashariki ya Unguja, zile zinazouzwa kwa wiki. Mtu hanunui nyumba, ananunua haki ya kukaa ndani yake wiki moja kila mwaka, na wiki nyengine zina wenyewe. Kuna wanaoita taimushea. Sisi ofisini twasema wiki tu. Muuzaji humpata mteja akiwa na juisi mkononi na upepo wa bahari usoni. Mimi humpata kwenye simu, mwaka wa tatu au wa nne, akiuliza kwa nini ada imepanda tena. Maswali wanayoniuliza wakati huo ndiyo nayoandika hapa, ili wewe uyaulize mapema, kalamu ikiwa bado mezani.

Bei ya kununua ni maumivu ya mara moja. Ada ya matunzo ni ya kila mwaka, uje usije, uwe mzima au umelazwa hospitali. Kwa hiyo wakikuonesha picha za bwawa, shukuru, kisha omba bili za ada za miaka mitano iliyopita. Zipange uone zinavyokwenda. Ada inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka huwa maradufu baada ya miaka 14 hivi. Ikipanda kwa asilimia 8, miaka tisa inatosha. Muuzaji akisema bili hizo ni siri ya kampuni, maliza juisi yako uondoke.

Ujue pia pesa hizo zinakwenda wapi, maana ufukweni hakuna kitu kinachodumu. Mashine ya nje ya kiyoyozi inayotazama bahari huota kutu mapema sana, na fundi akifika anakwambia hairekebishiki, inunuliwe nyengine. Bawaba, kufuli na misumari ya milango huliwa na chumvi. Boriti zina mchwa. Maji ya kisima yana magadi, ya kunywa na kufulia mashuka huletwa na gari. Umeme wetu unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na kila aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 anaikumbuka miezi ile ya giza. Ndiyo maana hakuna nyumba ya wageni isiyo na jenereta, na jenereta linakunywa dizeli.

Halafu kuna makuti. Wageni wanayapenda, na mimi nikiyatazama naona tarakimu. Paa la makuti halizeeki kistaarabu. Msimu mmoja zuri, msimu unaofuata linavuja juu ya meza ya mapokezi, na kulitia viraka husaidia kwa muda tu, mwisho lazima lishushwe lote liezekwe upya. Tuseme kuezeka mapokezi na mgahawa ni shilingi milioni 60. Nyumba ziko 20, kila moja inauzwa wiki 51 na wiki moja inaachwa kwa matengenezo; jumla wiki 1,020. Gawa, kila wiki itachangia kama shilingi 59,000. Hazitishi. Huo ndio mchango maalumu, unakuja juu ya ada ya kawaida, na karibu kila mkataba unauruhusu.

Lakini hesabu hiyo imefanywa kana kwamba wote wanalipa, na hawalipi wote. Kuna waliofariki, waliohama bila kuacha anwani, waliochoka tu. Wakiwa wasiolipa ni thuluthi moja, wiki 340, paa ni lile lile na fundi haondoi hata shilingi, basi 680 waliobaki watachangia zaidi ya 88,000 kila mmoja. Ndivyo inavyokuwa kwa kila kitu, mpaka mshahara wa mlinzi. Mwenye kulipa vizuri anamlipia asiyelipa, na mwaka unaofuata baadhi ya wazuri nao wanaacha. Sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza wiki ngapi zina madeni, na lingekuwa swali la kwanza kwangu. Liulize kwa maandishi, utake jibu kwa maandishi. Uliza na kama kuna akiba ya matengenezo makubwa benki, au kila paa linasubiri kuvuja ndipo watu wachangishwe.

Jengine ni dola. Ada nyingi zimeandikwa kwa dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa chini ya shilingi 1,800. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Ada ya dola 400 ambayo haikupanda hata senti moja ilitoka kwenye laki saba hivi ikavuka milioni. Ukiwa unapokea mshahara Muscat au London hili halikuhusu sana. Ukiwa unauza vitambaa Darajani, linakuhusu mno.

Wiki namba ngapi?

Mikataba ya aina ya zamani hukupa wiki maalumu yenye namba, ile ile kila mwaka. Mengine hukupa wiki ya kuelea, yaani isiyo na tarehe maalumu, ndani ya msimu, na siku hizi wengi wanauza pointi, unazitumia kama vocha. Kwenye wiki ya kuelea na kwenye pointi, uliza lazima uombe nafasi miezi mingapi kabla, na mwaka jana Disemba wangapi waliomba wakakosa. Karatasi inasema una haki. Daftari la nafasi ndilo linalosema kama kuna chumba.

Kwenye wiki zenye namba, chukua kalenda ukae na mtu wa pwani. Wiki ya 14 hadi ya 21 ni masika. Zinauzwa rahisi na kuna sababu: mvua, njia za shamba zimejaa tope, hoteli kadhaa zimefunga kabisa Aprili na Mei. Anayetaka kuteleza baharini Paje akivutwa na tiara (kitesurfing) anataka upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba au wa kaskazi wa Disemba hadi Februari. Anayetaka kuogelea na watoto aulize maji. Pwani ya mashariki yakitoka yametoka: siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, unatembea mbali juu ya mchanga, unapishana na kina mama wa mwani, kabla maji hayajakufika magotini. Nungwi na Kendwa hali ni tofauti, unaogelea karibu saa zote. Picha za tangazo zote zimepigwa maji yamejaa.

Na sisi tuna jambo letu wenyewe ambalo mkataba haulijui. Biashara hii ilianza Ulaya miaka ya 1960, ikakua kwa watu waliokuwa wakienda kwenye theluji ya milima ya Alps, na theluji haihami kwenye kalenda. Idd inahama. Idd el Fitri ilikuwa Aprili 10 mwaka 2024, ikawa Machi 31 mwaka 2025, na inaendelea kurudi nyuma siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Kuna baba mmoja aliyenunua wiki ili watoto na wajukuu wakutane sikukuu. Alifurahi miaka miwili. Sasa wiki yake inaangukia siku ambazo wajukuu wako skuli, na mimi kila mwaka naombwa nimtafutie wa kubadilishana naye. Ikiwa unanunua kwa ajili ya Idd, usinunue wiki yenye namba.

Watakwambia usijali, utabadilishana dunia nzima. Ni kweli kampuni za kubadilishana wiki zipo na ni kongwe. RCI ni ya mwaka 1974 na Interval International ya 1976, zote za Marekani. Ila kuna kiingilio cha kila mwaka, kuna ada ya kila ubadilishaji, na wiki yako inapimwa kwa jinsi inavyotakiwa. Mwenye wiki ya Aprili akiomba Disemba ya Dubai atasubiri sana.

Karatasi, ardhi na warithi

Nikisikia muuzaji anasema wiki ni yako milele huwa nataka kumuuliza: milele ya nani? Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya 1992, ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mwekezaji wa kigeni anakodishwa, na muhula unaozoeleka ni miaka 33, wa kuongezwa mpaka kufikia 99. Mwenye hoteli hawezi kukuuzia muda ambao mwenyewe hana. Omba nakala ya mkataba wa ardhi, hesabu miaka iliyobaki, kisha mpe wakili wako aihakiki Kamisheni ya Ardhi. Wakili wako, si yule anayekaa na muuzaji. Siku hiyo hiyo pita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Sheha atakwambia kama njia ya kwenda pwani ina mgogoro na wavuvi, kama kuna familia inayodai minazi yake, mambo ambayo hayamo kwenye faili lolote. Usichanganye na fleti za kondominio za Sheria Namba 10 ya 2010, kama zinazouzwa Fumba. Kule unapata sehemu ya jengo kwa jina lako. Hapa, mara nyingi, unapata haki ya kutumia tu.

Kuhusu kujitoa: Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti siku hizo. Uingereza pia ni siku 14. Florida ni 10. Ukiwa na ndugu huko aliyesaini jana akiwa na kichefuchefu leo, mwambie aandike barua sasa hivi, kwa njia iliyotajwa kwenye mkataba, na atunze ushahidi wa kuituma. Ukisaini Unguja, sheria ya Ulaya haikufuati hadi Matemwe; siku za kujitoa ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe, na malipo yaanze baada yake. Atakayekataa kuziandika amekujibu. Bei ya "leo tu" nayo iache. Kesho ipo, naijua, mimi ndiye ninayeingiza mauzo kwenye kompyuta. Na mkopo wanaokupa pale mezani una riba kubwa, achilia mbali hukumu ya riba yenyewe.

Mirathi watu wanaisahau kabisa. Mwenye wiki akifa kabla hajalipa ada, hilo ni deni la marehemu, linatolewa kwanza. Kinachobaki kinagawiwa. Sasa gawa wiki. Mke mwenye watoto anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na thumni ya siku saba ni saa 21. Mama wa watu hata choo hajakizoea muda wake umekwisha. Mimi nimepokea simu za warithi wanaogombana, na za warithi ambao hakuna anayeitaka, kwa sababu kila anayeipokea anapokea na bili. Soma kifungu kinachosema wajibu unarithiwa, na utake kiandikwe kwamba mwenye wiki au warithi wake wanaweza kuirudisha bure kwa taarifa ya muda fulani. Pale mkataba ulipokuwa nacho, nimewaona watu wakitoka kwa barua moja.

Hesabu ya mwisho ifanye nyumbani, kwa kalamu. Tuseme wiki ni dola 9,000 na ada 400. Kwa miaka 15, ununuzi ni dola 600 kwa mwaka. Ongeza ada, wiki moja imekugharimu 1,000, na hapo ada haijapanda. Sasa piga simu hoteli ya jirani uulize bei ya mkaazi. Sisi wa hapa hoteli nyingi zina bei yetu, chini ya ile ya wageni, na nje ya msimu inashuka zaidi. Ukipata chumba kwa dola 70, wiki nzima ni 490, unakwenda mwaka unaotaka, na paa likivuja si lako. Kwa mkaazi wa Zanzibar mimi naona wiki hizi hazina faida, labda kwa aliyepewa bure na mwenye kutaka kutoka, nao si wachache. Wiki iliyonunuliwa kwa maelfu huuzwa mkononi kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo ukitaka kweli kununua, anza kwa wenye wiki wanaotaka kutoka kabla hujakwenda kwa muuzaji.

Na kama tayari unayo na unataka kuitoa, jihadhari na simu. Atapiga mtu mwenye sauti nzuri, anajua namba ya wiki yako, ana mnunuzi tayari, bei ya kushangaza. Atakwambia tuma tu kodi kwanza, au ada ya uhamisho, au ya wakili. Nchini Marekani wakala wa serikali wa kulinda walaji ameonya mara nyingi juu ya utapeli huu, na umeshafika kwetu. Mnunuzi wa kweli hukata gharama kwenye pesa anazokulipa. Mwambie huyo wa simu alete jina la mnunuzi na nakala ya kitambulisho ofisini, tutamjazia fomu ya uhamisho, atalipa kwenye akaunti ya jengo na kupewa stakabadhi. Usimpe namba ya kadi, na usimtumie pesa kwa simu hata kama ni elfu hamsini.