Mtoto msumbufu nyumbani? Anza na mpangilio wa siku yake

Wazazi wenzangu, leo naongea na wewe ambaye kuoga ni vita, kula ni vita, kuzima TV ndo usiseme, mpaka majirani wanasikia. Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na mwaka jana tulikuwa huko huko, anajitupa chini anagaragara anapiga mateke mpaka anatapika, mi nikishachoka nachapa, akichapwa analia zaidi, tunalala wote na huzuni. Kilichotusaidia ni ratiba, na sisemi ile ya masaa ya kubandika ukutani, mtoto wa umri huo saa haijui, ila anajua vizuri sana kipi kinafuata baada ya kipi, na ukimvurugia hapo bila kumwambia ndo balaa linapoanzia.

Kabla hujabadilisha chochote chukua daftari. Siku 4 au 5 andika kila anapolianzisha: ilikuwa saa ngapi, muda mfupi kabla alikuwa anafanya nini, na mwisho wake alipata nini. Usiandike "alikuwa mkaidi", andika kilichotokea. Langu lilisoma hivi: Jumatatu saa 12 jioni, anaangalia katuni, dada kamwita akaoge, kalia, kaachiwa amalizie. Jumanne hivo hivo. Jumatano hivo hivo. Yaani miezi yote nasema huyu mtoto anachukia maji, kumbe akishaingia bafuni hata kutoka hataki, anachochukia ni kukatishwa katuni ghafla, na sisi wenyewe tulishamfundisha kwamba ukilia unaongezewa muda.

Basi tukageuza. Akitoka kucheza nje, vumbi mpaka kwenye kope, haingii sebuleni, anapitiliza bafuni, anaoga, anavaa, ndo TV inawashwa. Maneno ni yale yale kila siku na ni mafupi, "kwanza maji, alafu katuni." Lile gumu litangulie, analolipenda lifuate, na analolipenda asilipate kabla. Mtoto akishakasirika usianze kuhutubia, hasikii kitu, sema mara moja kwa sauti ya kawaida umsubiri hapo hapo.

Alafu mtengenezee picha. Mi nilikata ubavu wa boksi la sabuni, nikachora kwa maka pen vitu 6 vya jioni toka juu kwenda chini: ndoo, nguo, TV, sahani, mswaki, kitanda. Sijui kuchora kabisa, sahani yangu ilifanana na jua, lakini yeye ndo alikaa pembeni yangu ananiambia hii nini hii nini kwa hiyo anaijua. Pembeni tunabana kibanio cha nguo, akimaliza kitu anakishusha mwenyewe kwenye picha inayofuata. Hicho kibanio kimefanya kazi kubwa kuliko fimbo zangu zote, kwa sababu siyo mama tena anayesema kalale, ni boksi.

Wakati wa kuhama toka jambo moja kwenda lingine mpe taarifa, ila kwa kitu anachokiona. Ukimwambia dakika 5 hajui ni nini, mwambie "ikiisha hii tunazima", na ikiisha uzime kweli, hata kama na we ulikuwa unapumzika. Mwachie pia kijisehemu cha kuamua: kopo jekundu au la bluu, uanze kichwa au miguu. Kuoga hakuna mjadala, kopo achague yeye.

Usingizi nao msiuchukulie poa. Watoto wa miaka 3 mpaka 5 wanahitaji masaa 10 mpaka 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Sasa piga hesabu, kama gari la shule linampitia saa 11 na nusu na anaamka saa 11 alfajiri, akilala saa 4 usiku ana masaa 7 tu, hapo ukaidi wote wa jioni unautafutia jina gani? Sisi analala lisaa limoja mchana akitoka shule, usiku saa 2 yupo kitandani, na nguo za shule, soksi, begi vinakaa kwenye kiti toka usiku ili asubuhi pasiwe na kutafutana.

Sehemu ngumu kuliko zote ni watu wazima. Dada akifuata mpangilio alafu bibi akaja akamwonea huruma, au baba anarudi saa 3 na pipi anamwamsha, mnarudi mwanzo. Kaeni mkubaliane wote. Na mjiandae, siku za mwanzo kilio kinaongezeka, wetu alilia zaidi ya alivyowahi kulia, anajaribu kama mlango wa zamani bado upo wazi. Wengi wanaachia hapo na wanasema ratiba haifanyi kazi. Mkiachia siku ya tatu mmemfundisha kulia kwa nguvu zaidi.

Umeme ukikatika au wageni wakija, mwambie mapema kilichobadilika na kilichobaki: "leo hakuna TV, maji yapo, chakula kipo, hadithi ipo." Likizo na Ramadhani masaa yanasogea lakini mfuatano uacheni vile vile.

Na usianze siku nzima kwa pamoja, utachoka, chukua kipande kimoja tu ambacho kwenye daftari kimejirudia sana. Asubuhi yetu tuliigusa baada ya mwezi.

Ila kama mtoto anajiumiza au anaumiza wenzake, haitiki akiitwa jina, haongei kama wa umri wake, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, mpeleke hospitali wampime masikio na wamwangalie maendeleo yake, inaweza kuwa usonji (autism, ubongo kukua tofauti kunakogusa kuongea na kuhusiana na watu) au kitu kingine kinachohitaji mtaalamu, wala siyo malezi mabaya. Ratiba endelea nayo, watoto hao ndo wanaihitaji zaidi. Na ukienda beba lile daftari, maswali mengi atakayokuuliza daktari majibu yake yapo humo.