Jinsi ya kuhamisha umiliki wa Ducati 848 EVO Corse uliyoinunua mkononi, hapa Tanga

848 EVO Corse ni toleo maalumu la pikipiki ya Ducati 848: rangi nyekundu na nyeupe, diski za mbele za milimita 330, shoku ya nyuma ya Öhlins, injini ya cc 849. Ukisikia kuna moja inauzwa Tanga, utataka kuilipia siku hiyohiyo. Subiri. Omba kadi ya pikipiki, omba na kitambaa.

Kitambaa ni cha kufutia shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, kwa sababu ndipo ilipogongwa namba ya chesisi. Kichovye mafuta ya taa kidogo, maana chumvi ya bahari na vumbi hujaza herufi hadi zisisomeke. Mulika kwa simu, upige na picha. Utahesabu herufi na tarakimu 17, na kwa Ducati zinaanza na ZDM. Wewe soma kwa sauti, moja baada ya moja, mwenzako afuatishe kwenye kadi kwa kidole. Fanyeni vivyo hivyo kwa namba ya injini.

Nasisitiza hapa kwa sababu yalinikuta. Yangu niliinunulia Raskazone, na kwenye kadi palikuwa na herufi O mahali pa sifuri. Namba za chesisi hazitumii I, O wala Q, kwa hiyo aliyekosea ni aliyeandika kadi. Lakini wa kufuatilia marekebisho alikuwa mwenye kadi, naye alishapokea hela yake. Nilimpigia simu karibu miezi miwili. Laiti hela ingekuwa bado mfukoni mwangu, angekwenda mwenyewe kesho yake asubuhi.

Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Kama mwenyewe amefariki, unauziwa na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si na mtoto wala shemeji. Angalia pia pleti. Pikipiki iliyosajiliwa kwetu huanza na MC. Ikiwa imevuka Horohoro na bado ina namba za Kenya, hapo hakuna umiliki wa kuhamisha. Kwanza iingizwe nchini, ilipiwe ushuru wa forodha, ndipo isajiliwe. Usikubali kuuziwa kwa kibali cha muda cha kuingia nchini. Na kabla ya kupatana bei, ingiza namba ya pleti kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani uone kama inadaiwa faini.

Jambo moja la fundi, kwa kuwa linagusa bei: injini hii ina mikanda ya taimingi ya mpira, na mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imelala gereji. Kilomita chache zisikupumbaze. Dai risiti ya mara ya mwisho ilipobadilishwa. Kama haipo, hesabu kwamba utabadilisha wewe, na punguza bei.

Mkipatana, nendeni wote wawili kwa wakili mkaandike mkataba wa mauziano. Bei iwe ile mliyolipana kweli. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na watu watakushauri muandike pungufu. Kataa. Siku mkigombana, mahakamani utadai kilichoandikwa.

Kisha TRA. Beba kadi halisi, mkataba, TIN ya kila mmoja, vitambulisho vya NIDA na picha za pasipoti. Mkipewa namba ya kumbukumbu ya malipo, lipia benki au kwa simu, tunza risiti. Muuzaji asiondoke mjini kabla ombi halijapokelewa.

Bima ikatwe kwa jina lako, na leseni yako iwe na daraja A.

Kadi mpya ikitoka, usiikunje. Toa picha ya shingo ya fremu uliyopiga siku ile, usome tena zile 17 ukiwa bado dirishani.