Kama we ndo bosi, anza na muda unaowapotezea watu wako

Mabosi wengi wakiona kazi haziendi wanaanza kuwasaka wafanyakazi, nani kachelewa, nani yuko kwenye simu, nani katoka nje kakaa sana. Mimi nimeongoza timu miaka kadhaa na nilichokuja kugundua ni kwamba muda mwingi ulikuwa unapotelea mezani kwangu, yaani watu wamemaliza sehemu yao wanasubiri mimi niseme ndiyo au hapana, na mimi niko kwenye kikao kingine. Kwa hiyo anzia hapo hapo ulipokaa.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Chukua daftari tu, kila mtu akija kukuuliza au akikutumia meseji ya kuomba ruhusa andika ni nani, alitaka nini na alisubiri muda gani mpaka ukamjibu. Ijumaa lisome. Utakuta maswali ni yale yale, punguzo la mteja, kununua vifaa vidogo vidogo, kusogeza tarehe, vitu ambavyo anayeifanya hiyo kazi kila siku anavijua kuliko wewe.

Hayo ndo ya kuachia, ila kuachia kwenyewe kuna namna yake na hapa wengi tunakwama. Ukimwambia mtu "amua tu mwenyewe" umemtupia mzigo, hajui mwisho wake ni wapi, ataendelea kukuuliza kwa sababu anaogopa. Mpe mpaka unaohesabika: punguzo hadi asilimia 10 amua mwenyewe, likizidi hapo niulize. Uandike, na uwe mmoja kwa wote wenye kazi hiyo. Halafu kuna siku mtu ataamua vibaya lakini akiwa ndani ya mpaka, na siku hiyo timu nzima inakuangalia wewe, ukimfokea mbele za watu kesho yake foleni imerudi mlangoni kwako na kuiondoa tena itakuwa kazi kweli kweli. Mwite pembeni, muulize aliangalia nini kabla ya kuamua, na kama mpaka wenyewe ndo ulikuwa mbovu, urekebishe.

Vikao navyo. Kikao cha lisaa limoja chenye watu 8 ni masaa 8 ya kazi, siku nzima ya mtu mmoja imeondoka. Kabla ya kuita watu andika sentensi moja ya kile kinachotakiwa kuamuliwa, ukishindwa kuiandika basi hiyo ni taarifa tu, itume watu wasome. Waite wanaoamua na wanaotekeleza, wengine wapate muhtasari. Na usiweke lisaa kwa mazoea, mwandishi Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopewa, na kwenye vikao utaliona hilo waziwazi, jaribu dakika 25 uone. Msinyanyuke kabla haijajulikana nani anafanya nini na lini.

Meseji: kubalianeni njia moja ya dharura, mfano kupiga simu, zingine zote zinaweza kusubiri kidogo. Kazi ya kufikiri, kuandika ripoti, kupiga hesabu, mtu akikatizwa katikati hairukii pale alipoiacha, lazima ajikusanye upya, kwa hiyo tengeni masaa mawili kila asubuhi ambayo hakuna kikao wala kuitana, na we bosi uwe wa kwanza kuyaheshimu maana ukivunja mara moja tu kila mtu atavunja. Ukikumbuka jambo usiku liandike pembeni, litume wakati wa kazi.

Baada ya mwezi lirudie lile daftari kwa wiki moja. Kama bado kuna majina yanajirudia, kaa na mmoja mmoja umuulize anaogopa nini kuamua, mara nyingi atakutajia siku fulani ulimjibu vibaya na wewe hata hukumbuki.