Kabla hujaifungulia programu huria yako tovuti ya wanajamii

Umetengeneza programu huria, imeanza kupata watumiaji, na sasa unataka kununua jina la tovuti ili wakutane huko. Subiri kwanza.

Mimi sikusubiri. Mwaka 2019 programu yangu ya kutunza hesabu za vikoba (hisa, mikopo, faini, mgao wa mwisho wa mwaka) ilikuwa inatumiwa na vikundi kumi na kimoja vya Mwanza na Sengerema. Msimbo (maandishi yanayoiunda programu) ulikuwa GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kushirikiana msimbo; maswali yalikuja WhatsApp, nami nikaongeza mahali pa tatu, yaani tovuti ya programu yenyewe. Mweka hazina mmoja akauliza kwenye tovuti ile mpya kwa nini riba inahesabiwa mara mbili mkopo ukilipwa nusu. Swali lilikaa siku kumi na tisa, maana macho yangu yalikuwa WhatsApp. Kikundi chake kikagawana fedha kwa hesabu yenye kosa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo anza hivi: kusanya maswali yote ya miezi mitatu iliyopita, popote yalipoulizwa, na pembeni ya kila moja andika aliyeuliza ni nani. Je, ni mtu anayetaka kugusa msimbo, au ni mtu anayetaka kufunga hesabu za kikundi jioni hiyo? Nilipofanya hivyo nilikuta maswali manne yanajirudia karibu kila wiki. Watu wangu walikuwa wanahitaji maelezo yaliyoandikwa vizuri, wala si uwanja wa kukutania.

Maelezo hayahitaji seva. Ndani ya hazina ya msimbo wako (repository) huko GitHub tengeneza folda iitwayo docs, weka humo faili la index.md, kisha fungua Settings, ingia Pages, chagua tawi la main (toleo kuu la msimbo) na folda ya /docs, bonyeza Save. Baada ya muda mfupi unapata ukurasa wenye anwani yake, bila malipo kama hazina yako iko wazi kwa umma. Andika kwa maneno ya mtumiaji. Mimi niliandika "jinsi ya kurekebisha hisa zilizoingizwa kimakosa", na swali hilo likakoma.

Kwa mazungumzo, washa Discussions, sehemu ya majadiliano ya GitHub, kwenye Settings hizo hizo. Swali lililoletwa kama hitilafu unaweza kulihamishia huko. Shida iliyopo ni kwamba kushiriki kunahitaji akaunti ya GitHub, na mweka hazina wa kikoba hana. Usimlazimishe. Mwache aulize WhatsApp, ila awepo mtu mwenye zamu ya kulinakili swali na jibu lake kila wiki, bila kutaja jina wala namba ya simu. Kwetu ni kila Ijumaa jioni.

Ukubwa wa programu peke yake si sababu ya kuitengea jamii yake tovuti ya pembeni. SQLite, programu ya kuhifadhi data, imo ndani ya kila simu ya Android, na bado maelezo yake na baraza lake la watumiaji viko kwenye tovuti moja, sqlite.org.

Ninazijua hali mbili zinazodai mahali pa pekee. Ya kwanza ni pale watumiaji wanapokuwa watu wa kazi nyingine kabisa, waliotapakaa nchi nyingi, wanaoweza kusaidiana bila wewe. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kukita mizizi Eldoret, una OpenMRS Talk, baraza la mtandaoni ambako wanaoufunga na kuuendesha mfumo hospitalini wanakutana na waandishi wa msimbo. Ya pili ni pale watu wanapotengana na mahali pao pa zamani. Agosti 2005 watengenezaji wa Mambo, programu huria ya kuendeshea tovuti, walipotofautiana na taasisi iliyosimamia jina la programu hiyo, walifungua OpenSourceMatters.org ili kuwapa watu habari, hata kabla programu yao haijapata jina jipya. Jina lilipokuja lilikuwa Joomla, kutokana na neno letu "jumla". Watu walikuwapo tayari. Ndiyo maana tovuti ile ilikuwa na kazi tangu siku ya kwanza.

Ukijiona kwenye mojawapo ya hali hizo, fungua, ila usishike funguo peke yako. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu, na tovuti iwe hivyo hivyo: watatu wenye nenosiri la msimamizi, watatu wanaopata barua pepe ya kukumbusha malipo ya jina la tovuti, na nakala ya data kila mwezi kwenye kompyuta isiyo yako. Kama huwapati watatu, bakia na docs na Discussions. Mimi hadi leo ninao wawili, mmoja yuko Bukoba, na mstari wa kwanza wa README yetu, faili la utangulizi la hazina ya msimbo, unasema: "Maswali yote yaletwe hapa."