Unaporudi ughaibuni: friji ya nyumba ya Malindi iachwe ikiwaka au izimwe?

Likizo inapokaribia kwisha, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za Malindi zilizojengwa kwa pesa za ughaibuni: friji tuiache ikiwaka au tuizime mpaka safari ijayo? Jibu langu halina kona. Kama hakuna mtu atakayelala na kupika humo ndani, izime. Chomoa plagi, toa kila kitu, ikaushe, uache mlango wazi. Kama yupo anayeitumia kila siku, iache, na yeye ndiye mwenye friji mpaka urudi.

Mlinzi wa getini hahesabiki hapa. Mara nyingi hana ufunguo wa jikoni, na taa ya nje ikiwaka hana sababu ya kujua kwamba soketi za ndani zilikata tangu Jumanne.

Kinachowaponza wengi ni samaki. Umenunua nguru mzima na vipande vya jodari, mmekula nusu, iliyobaki unaifunga kwenye friza ikungoje Desemba. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48 baada ya umeme kukatika. Ikiwa nusu, kama saa 24. Sehemu ya kawaida ya friji ni kama saa 4 tu. Katika nyumba iliyofungwa madirisha wakati wa joto la kaskazi, usitegemee hata hizo. Umeme ukirudi siku ya tatu samaki huganda upya, nawe ukifungua miezi baadaye unaona barafu safi na kudhani mambo ni shwari. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na histamini haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kupikwa, hata mchuzi uchemke vipi. Mlaji uso humwiva, mwili humwasha, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio. Samaki wa aina hizo mgawie jirani wakiwa bado wazuri, kabla hujaondoka.

Ukilazimika kuacha friza ikiwaka, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka wakati haupo. Tupa vyote, usionje.

Halafu kuna tokeni. Kununua umeme ukiwa Toronto au Doha ni kazi ya dakika moja, lakini kwa mita nyingi zile tarakimu 20 lazima mtu azibonyeze pale nyumbani. Mtu huyo akiwa matangani Kilifi, friji inazima na hakuna wa kukupigia simu. Friji ya kawaida hula takriban uniti 1 kwa siku, ya zamani zaidi ya hapo, ya inveta (ambayo kompresa yake, mota inayosukuma gesi ya friji, hubadili kasi badala ya kuzima na kuwaka) pungufu. Kwa mwezi ni kama uniti 30 za kupoza chupa ya maji na nusu limau. Mtumie mama pesa hizo.

Umeme wenyewe pia una vituko vyake. Ukikatika na kurudi, si lazima urudi na volti 240 sawasawa. Mara unapanda ghafla, mara unakuja hafifu. Ukiwa hafifu, kompresa hujaribu kuwaka, hushindwa, hupata moto, na mwisho waya zake huungua. Kile kifaa cha kuchomeka kati ya plagi na soketi, kinachokata umeme mbaya na kungoja dakika chache kabla ya kuuruhusu tena, kiwe nacho kila friji inapotumika. Lakini radi ya masika ikipiga, hakifui dafu. Plagi iliyochomolewa ndiyo kinga.

Wapo wanaoshikilia kwamba friji ikizimwa muda mrefu hufa. Gesi na mafuta yake vimezibwa ndani ya mabomba, kupumzika hakuvimalizi. Friji iliyozimwa huharibiwa na kufungwa mlango ikiwa na unyevu, na hewa ya pwani yetu haina huruma kwa kitu chenye unyevu.

Kwa hiyo anza kazi siku mbili kabla ya safari, si asubuhi ya kwenda uwanja wa ndege. Izime na uache barafu iyeyuke yenyewe. Usichokonoe kwa kisu: ukitoboa ukuta wa friza gesi hutoka, na friji nyingi za sasa zina gesi inayoshika moto. Osha kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo. Pitisha kitambaa ndani ya mikunjo ya mpira wa mlango, maana kuvu huanzia hapo. Kisha nenda nyuma. Friji nyingi zina trei juu ya kompresa inayopokea maji ya barafu, na wenye nyumba wengi hawajawahi kuiona. Maji yakibaki humo mbu wanazaliana. Ikaushe. Mabomba ya nyuma yafute vumbi na chumvi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, kisha yakauke. Ndani weka bakuli la mkaa mkavu, unyonye harufu.

Mlango ubanie kitambaa kilichokunjwa uache mwanya wa kiganja, kisha uufunge kwa kamba usiweze kufunguka zaidi. Kamba hii usikose kuifunga. Mtoto akiingia kujificha ndani ya friji tupu na mlango ukamfungia, hewa humwishia upesi.

Jambo moja hubatilisha yote haya: kama mzazi anayeishi hapo ana insulini kwenye friji, isizimwe hata saa moja. Insulini ambayo haijafunguliwa hutaka nyuzi 2 hadi 8.

Kwa wenye nyumba Lamu, hasa Manda, ambako wengine hutumia gesi au sola, maelezo hubadilika kidogo. Friji ya gesi, ya aina ile iliyo kwenye magari ya kulala huko Marekani, huwaka mwali saa zote. Usiuache mwali huo ndani ya nyumba tupu. Zima friji na ufunge mtungi. Ya sola zima friji, lakini acha paneli ziendelee kuchaji betri, kwa sababu betri iliyokaa tupu miezi hufa kweli, na mwachie mtu kazi ya kufuta vumbi kwenye paneli.

Ukirudi, washa friji ikiwa tupu. Ya umeme ipe saa kadhaa; ya gesi ipe usiku mzima, tena iwe imesimama sawasawa bila kuinama. Weka kipimajoto ndani, na samaki usiwatie humo kabla hakijashuka chini ya nyuzi 5.