Somo: Jinsi ya kukusanya pete za zawadi za redio za Marekani

Wakuu, karibuni. Kabla televisheni haijaingia kila sebule ya Marekani, watoto walikuwa wakikimbilia redio kusikiliza vipindi kama Lone Ranger (kilianza Detroit mwaka 1933), Tom Mix, Captain Midnight na Sky King. Wadhamini wengi walikuwa kampuni za vyakula na vinywaji. Mtangazaji anamwambia mtoto: kata kifuniko cha boksi, weka na senti kadhaa kwenye bahasha, tuma kwa posta, pete itakufuata nyumbani. Vile vifuniko ndivyo vilivyomwonyesha mdhamini kama matangazo yanauza. Leo wazee wazima wanapigana vikumbo minadani kwa ajili ya pete hizo.

Hatua ya 1: Fuatilia bei kabla ya kununua
Kwenye minada ya mtandaoni, tazama bei ya vitu vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayoitaja muuzaji ni ndoto yake tu.

Hatua ya 2: Anza na pete ya bomu la atomiki
Hii ilitolewa mwaka 1947 na nafaka za Kix, waliokuwa wakidhamini Lone Ranger, kwa senti 15 na kifuniko cha boksi. Zilisambazwa nyingi sana, kwa hiyo hata anayeanza anaipata. Nami naipenda kuliko zote: juu yake kuna bomu dogo, na ukichomoa mkia wake mwekundu unakutana na lenzi ndogo. Mtoto alikaa gizani mpaka macho yazoee, akachungulia, akaona vimwanga vikimetameta. Ndani mlikuwa na polonium-210, elementi yenye mionzi, kidogo mno, na chembe zake zilipogonga kioo chenye zinki salfaidi zilitoa mwanga. Kifaa cha aina hiyo kilibuniwa na mwanasayansi Mwingereza William Crookes mwaka 1903, na miaka 44 baadaye kikatoka kwenye boksi la chakula cha asubuhi! Ukinunua, hakikisha mkia upo. Ndio unaopotea kwanza.

Hatua ya 3: Kagua sehemu inayofanya kazi
Wanaoanza wengi huangalia kama pete inang'aa, wakasahau ilitengenezwa ifanye nini. Pete ya Tom Mix ya 1946 ina kioo cha kuchungulia walio pembeni; kioo kikiwa na ukungu, bei ishuke. (Tom Mix mwenyewe, mwigizaji wa filamu za cowboy, alifariki mwaka 1940 na hakuwahi kuigiza kwenye kipindi hicho, lakini pete zikaendelea kutoka kwa jina lake.) Pete ya filamu ya Lone Ranger, ya 1949, bila utepe wake wa filamu ni ganda tu. Pete ya Green Hornet, kipindi kingine cha redio, ya 1947 ina kisanduku cha siri: fungua, funga, sikiliza kama bawaba imelegea. Mwombe muuzaji video, asikutumie picha peke yake.

Hatua ya 4: Tafuta karatasi zake
Maelekezo na boksi dogo la posta vilitupwa siku ileile, ndiyo maana huongeza thamani sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, hiyo polonium haina madhara? Nina watoto nyumbani.
Jibu: Nguvu yake hupungua nusu kila siku 138. Chini ya miaka minne inabaki kama sehemu moja ya elfu, na hizi zimepita miaka zaidi ya 70. Imekwisha. Muuzaji akikwambia yake bado inamulika, mkimbie. Ila usiipasue kuchungulia ndani, utaua thamani, na kwa watoto wadogo hatari ni kuimeza.

Swali: Nimepata moja ina kutu ya kijani. Niisugue na dawa ya shaba?
Jibu: Hapana, dada yangu. Rangi ya dhahabu juu yake ni nyembamba kama pumzi, utabaki na shaba tupu. Tumia kitambaa laini kikavu, basi.

Swali: Feki naitambuaje?
Jibu: Chukua lenzi ya fundi saa. Kopi iliyomiminwa kutoka pete halisi huwa na maandishi yaliyofifia na kingo butu. Pitisha na sumaku: shaba haivutwi. Angalizo, Tom Mix wana pete yenye sumaku yake, hiyo usiihukumu hivyo.

Swali: Ipi ni adimu kuliko zote?
Jibu: Wengi watakutajia ya Supermen of America, klabu ya mashabiki wa Superman, ya 1940. Ilikuwa zawadi ya shindano, kwa hiyo hata siku hiyo haikuwa ya kila mtoto. Ukiiona kwa bei ya chapati, rudi kwenye swali la feki.

Swali: Niko Dar, naletewaje?
Jibu: Kama una ndugu Marekani, nunua kwa anwani yake, aje nayo akija likizo. Ukitumia posta, dai namba ya kufuatilia mzigo, na bei iandikwe ileile uliyolipa. Ukiandika ndogo kukwepa ushuru, mzigo ukipotea fidia nayo itakuwa ndogo.